Kaburi Katika Msingi

Jumapili, 6 Julai 1986
Katekista Desderius ametangaza leo kigangoni: msingi wa kanisa jipya unaanza kesho. Askofu atakuja kulibariki. Wanaume wafyatue matofali, wanawake wabebe mawe kutoka kilimani. Mzee Rwezaura, mwenyekiti wa ujenzi, ametoa saruji. Vigelegele! Mke wake na wakwe zake hawatabeba — saruji imewabebea.

Jumanne, 8 Julai
Shingo inaniuma mpaka mgongoni. Wifi yangu Mukantabana tunaye kilimani, na tumbo lile, miezi minane! Kaka yangu Theoneste aliomba ambebee. Rwezaura akamwambia kazi yako ni matofali, na nyumba inayokwepa mawe isilete mtoto kubatizwa. Alikuwa kivulini, kibuyu cha lubisi, pombe ya ndizi, miguuni. Desderius alisikia yote. Akajifanya anapima kamba.

Kaka alirudi kwenye matofali. Afanyeje? Shamba tunalolima ni la Rwezaura. Tangu baba avuke kutoka Rwanda tunaishi hapo kwa hisani yake. Hisani!

Alhamisi, 10 Julai
Mukantabana ameanguka mteremkoni na jiwe lake. Nilipomwinua alishika tumbo. "Speciose, hachezi tena." Tumembeba kwa machela hadi nyumbani.

Ijumaa, 11 Julai
Amezaliwa asubuhi. Wa kike. Hakulia.

Nywele nyingi, kama za kaka.

Tumekwenda kwa Desderius kuomba kaburi pale kigangoni. Kaka kamwamkia shikamoo, kwa heshima zote. Akasema haiwezekani, mtoto hakubatizwa, hawezi kulala na Wakristo. Nikamwuliza angebatizwa saa ngapi, na mawe yenu yamemuua tumboni? Akaniambia nisikufuru. Mimi ndiye niliyekufuru!

Basi tukaenda kwa Rwezaura, tumzike migombani kwetu. Huyo hakuficha. Pale si kwenu, akasema, na kaburi lina mizizi: leo mnazika kichanga, kesho mnasema shamba la ukoo. Mkamzike porini.

Porini. Kama mbwa.

 Mukantabana amemkumbatia mtoto, hataki kumwachia mtu.

Jumamosi, 12 Julai
Tumeamka kitanda kitupu. Wifi hayupo, mtoto hayupo. Mimi na kaka tumekimbia hadi kigangoni.

Yumo ndani ya msingi, pale itakapokaa altare, anachimba. Mtoto kamlaza pembeni ndani ya kitenge. Damu inamchuruzika miguuni, wala hajali. Wanawake wametua mawe, wamesimama. Desderius anapiga kelele kwamba mahali hapo ni patakatifu. Mukantabana hakumtazama. Akasema tu, "Ndiyo maana."

Kaka akaruka ndani, akashika jembe. Nilidhani anamnyang'anya. Kumbe amelichukua achimbe yeye!

Nimerudi mbio kuchukua maji na shuka safi. Naandika nimesimama. Kengele inapigwa, si saa ya sala. Rwezaura anaita watu, sauti yake inafika mpaka huku. Jirani yetu Evaristi, fundi wa msingi, amepita mlangoni na sepetu begani, anakwenda huko huko. Baba yake na baba yetu walivuka mto pamoja.

Nimemwuliza: unakwenda kumfukia mtoto au kumfukua?

 Ameongeza mwendo.