Meza Yangu Ndani ya Mchezo Wako

Kasongo, karibu na soko kuu
Jumapili, 21 Januari 2024

Mpendwa Asani, mtoto wa kaka yangu,

Salaam nyingi kutoka nyumba hii uliyolala miaka yako yote ya sekondari. Kifua kile ulichokipata kwa baridi ya Kampala kimepoa? Unakula chakula cha kupikwa, ao bado ni mikate na chai? Na Elodie hajambo? Mwambie nimemwuliza mimi mwenyewe, kabla hujanikumbusha. Mchumba anayekuchorea picha za mchezo bila kuchoka anastahili kuulizwa.

Sisi tupo. Goti la baba yako linamsumbua mvua ikinyesha, lakini Ijumaa anakwenda msikitini kwa miguu na pikipiki anaikataa, anasema ni ya wagonjwa. Barabara ya Kabambare imeharibika tena, mzigo wangu wa chumvi ulilala Lusangi kwa ajili ya matope. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeoa. Habari za nyumbani zimeishia hapo. Sasa nikae vizuri, maana nimekukasirikia.

Simu nilikupigia, ukacheka. Mtandao ukakatika ukiwa bado unacheka. Ndiyo maana naandika: barua haikatiki, na utaweza kuisoma mara mbili.

Mchezo wako ulifika. Kadi ya kumbukumbu uliyomtumia Jean-Pierre, yule anayefuata bidhaa Bukavu, aliifikisha kwa Zéphirin, mwenye chumba cha kuchaji simu na kutoa fotokopi. Zéphirin akauweka kwenye kompyuta zake tatu na vijana wanalipa kucheza. Mimi sikujua lolote. Nilifikiri umetuma vitabu vya shule.

Nilichokijua kwanza ni kelele. Asubuhi moja vijana wanapita mbele ya meza yangu, mmoja anatoa sauti nzito kama ya mwanamke mzee: "Bei ni moja. Chukua ao acha!" Wenzake wanaanguka kwa kicheko. Nikasema ni utoto. Kesho yake wakapita wengine. Halafu hata wanawake wa samaki wakavu wakaanza.

Kisha akaja Byamungu, yule mtu wa Bukavu anayewapelekea bidhaa wachimbaji wa dhahabu wa Lusangi. Tangu miaka minne anachukua kwangu chumvi, sabuni na betri za tochi. Siku hiyo alinisalimia kwa mbali na kwenda moja kwa moja kwa Clémentine, meza ya pili kutoka yangu. Nikamwita.

"Byamungu, leo umepotea njia?"

"Mama Rachida, usikasirike. Nasikia wewe siku hizi haupunguzi tena. Mpaka watoto wanaiimba."

"Nani amesema?"

"Watu."

Na Clémentine, huku anamfungia mzigo, akapaza sauti soko zima lisikie: "Karibuni huku! Huku bei iko na masikio!"

Asani, soko la Kasongo unalijua. Mwuzaji anaweza kuitwa mchafu, mnene, mwenye mdomo, na bado atauza. Akiitwa mtu wa bei moja amekwisha. Maana yake anakudharau, hana muda wa kuongea na wewe, anakuona kama pesa inayotembea. Nilikuwa na wateja kumi na mmoja wa kuchukua kwa jumla. Wamebaki wanne.

Nikaenda kwa Zéphirin. Akanipa kiti, akafungua mchezo. Nikawaona hao vijana wako wanne, wanafunzi wa nguvu za siri, wanapanda kilima kuifungua mvua iliyofungwa. Umefanya vizuri kutowaita wachawi. Hapa neno hilo likimwangukia mtoto si mchezo. Picha ni za nukta kubwa kubwa kama ushanga, muziki ni wa kengele, kila kitu kama michezo ile ya zamani uliyokuwa unaifuata kwa majirani mpaka nije kukutafuta. Nilifurahi hata. Kisha vijana wakaingia mjini, na pale nyuma ya meza ni mimi. Kitenge changu cha njano. Mwavuli wangu uliofungwa kwenye mti. Pengo la jino. Na juu ya kichwa, jina kabisa: MAMA RACHIDA. Kijana anasogea, mimi nafungua mdomo, na neno langu moja tu, toka mji wa kwanza mpaka wa mwisho, ni hilo la bei moja.

Kwenye simu uliniambia: "Shangazi, ni heshima! Nimekuweka ndani ya mchezo!" Heshima hiyo inakula wateja wangu.

Sikuondoka pale. Nilicheza. Usicheke tena: kila siku nikishafunga meza nilikwenda, Zéphirin akinionyesha mahali pa kuweka vidole, mpaka nikavuka daraja la tatu na kumwua yule mdudu wa matope. Na makosa yako nimeyaona. Katika vita hakuna shida. Shida ni katika biashara.

Dawa ya majani ni sarafu arobaini mjini chini. Juu ya kilima, baada ya mito mitatu na daraja lililovunjika, ni arobaini pia. Nani aliibeba? Chumvi yangu ikifika Kabambare wakati wa mvua imepanda karibu nusu, na hakuna anayemlaumu mwuzaji, kwa sababu wote wameyaona matope. Tena mteja akichukua dawa kumi unamdai mia nne. Mia nne kamili! Mtu anayenunua kumi hapewi hata moja juu? Na kuna mahali mmoja wa wale vijana wanne analetwa na wenzake akiwa na jeraha, nukta nyekundu zinadondoka mpaka mbele ya meza yangu, na mimi namwambia achukue ao aache. Hapo nilisimama. Zéphirin alifikiri nimeugua.

Mimi nilianza na sinia moja ya chumvi, napima kwa kikombe. Kikombe changu kilikuwa sawa na cha wengine, bei sawa na ya wengine. Kilichowaleta watu kwangu ni nyongeza, kile kiganja cha mwisho unachommwagia mteja juu ya kipimo bila yeye kuomba. Kwa nyongeza nilinunua baiskeli, nikaisukuma na mizigo mpaka Kabambare na kurudi. Kwa nyongeza nilijenga. Hakuna mume aliyenipa mtaji, hakuna benki. Halafu wewe, uliyekula ndani ya nyumba hiyo, unanisimamisha mbele ya dunia kama mwanamke asiyejua kuongeza.

Ulisema kujadiliana bei ni kazi ngumu, mashine haijui kubishana. Ukasema kama inaniuma utalifuta jina na kubadilisha kitenge. Hapana. Ukinifuta sasa watasema ni kweli, ameona haya akajitoa. Nataka nibaki pale pale nyuma ya meza, nifanye kazi yangu vizuri.

Sasa nikueleze ya jana. Niliketi kwa Zéphirin kando ya kompyuta, nikawaambia vijana: mkifika kwenye meza yangu msibonyeze kitu, geukeni muongee na mimi mwenyewe. Wakacheka. Akageuka binti mmoja, Sarah-Grâce, anataka ile fimbo ya radi ya mia tatu.

"Mama, hii fimbo iko ghali sana."

"Hata kusalimia hakuna? Sasa iko mia tatu na hamsini."

"Yoo! Jambo mama. Nyumbani wako wazima?"

"Wazima. Mia tatu."

"Mia moja."

"Kwa mia moja nitakupa kijiti cha kuchokolea moto. Wewe ni mutoto wa nani, na mdomo huo?"

"Wa mama anayekuja kununua kwako, na leo nitamwambia aache!"

Akaondoka. Kweli kabisa, akamtembeza kijana wake mpaka mlango wa mji. Nikamwita: "We, rudi! Mutu hakimbii hivyo." Tukafika mia mbili na kumi, nikamwongezea dawa moja ya majani. Chumba kizima kikapiga makofi. Akabonyeza. Mashine ikamkata mia tatu, na dawa haikutoa.

Ungesikia, Asani! "Mashine imeniiba! Mama alisema mia mbili na kumi!" Wale wale waliokuwa wananitania sokoni wamesimama, wanaipigia kelele kompyuta kana kwamba wamemshika mwizi. Mmoja anainyooshea kidole: "Wewe ndiye wa bei moja!" Ilibidi Zéphirin aizime wapoe. Alipoiwasha tena, mdudu wa matope hakuna aliyemtaka. Wanataka kununua tu.

Kwa hiyo usiniambie watu hawatapenda. Na kama mashine haijui, ifundishe. Uliifundisha kwamba kijana akikanyaga maji meusi nguvu zinapungua. Kujadiliana nako ni hesabu. Mteja akisalimu kwanza, shusha kumi. Akiingia bila salamu, pandisha. Akitaja chini ya nusu, mcheke na usishuke. Akifika mlangoni, mwite mara moja. Akiondoka mara ya pili, mwache aende. Wa kwanza wa asubuhi haondoki mikono mitupu hata ukiuza kwa bei uliyonunulia, kwa sababu ndiye anayekufungulia siku. Kila mto uliovukwa una bei yake, na mvua ina yake. Anayeletwa na jeraha anatibiwa kwanza, bei mtaiongea akishaweza kukaa. Elodie akikwama aniulize mimi, asikuulize wewe.

Nilikuwa nataka mambo manne. Kujadiliana. Nyongeza. Baiskeli, ili niende na vijana mpaka juu ya kilima badala ya kusimama kama nguzo. Na jino langu. Lakini najua mnautoa mchezo kwa watu wote kabla ya Ramadhani na muda ni mfupi. Basi jino naliacha, pengo ni langu kweli. Baiskeli nayo naiacha, ingawa inaniuma. Kujadiliana na nyongeza siachi, hata ukitembea mpaka mlangoni.

Jean-Pierre akikutumia barua hii kutoka Bukavu, atabaki huko kidogo kukusanya bidhaa. Jibu lako lirudi naye.

Baba yako anakusalimu na anasema ukija uje na dawa ya goti. Kadogo, mdogo wako, ameingia darasa la tano na anataka kujua kwa nini hayumo ndani ya mchezo. Darlène, mke wa kaka yako, anakusalimu, yeye na tumbo lake la miezi saba. Mungu akufungulie kichwa, akulinde na watu wa barabarani, na kazi ya mikono yenu nyote wawili iwe na baraka.

Neno moja bado. Jana nikitoka kwa Zéphirin nilimkuta Byamungu anapakia mzigo kwenye pikipiki. Nikamwambia, Clémentine akisikia, kwamba mchezo mwingine unakuja, uliorekebishwa, na siku ukifika aingie kwa Zéphirin anunue kwangu mle ndani kwanza, kisha aje kwenye meza yangu hii. Clémentine akauliza, "Na usipokuja?" Nikamjibu kwamba mtoto huyo nimemlea mimi. Sikuongeza kitu. Byamungu akasema atangoja.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hata hasira ikiwa imenijaa,

Rachida