Mama, Mkungu Mzima Usitume Tena

Mpendwa mama,

Shikamoo. Nisamehe, tangu kabla ya mfungo nasema nitakuandikia na sikuandika. Simu tunapigiana, lakini kwenye simu unauliza, "Mzigo umefika? Mmekula?" nami najibu, "Tumekula mama, tumemaliza," halafu mtandao unakatika. Leo nasema yote. Zuhura, mwanangu, wewe unayemsomea bibi yako, usiruke mstari hata mmoja.

Unakumbuka jioni ulivyokuwa ukituita jikoni mmoja mmoja kabla hujabandika sufuria? "Haya, pima njaa yako." Kila mtoto anachota mchele kwa kiganja chake mwenyewe, anaumwaga kwenye ungo. Siku ile kaka Rajabu akachota viganja vitatu kwa tamaa, nawe ukavipika vyote. Wali ulipomshinda, ukaifunika sahani yake. Asubuhi ukamwekea mbele na chai: "Njaa yako ya jana hiyo, baba. Imelala inakusubiri." Tulicheka mpaka chai ikatupalia. Kiporo alikimaliza.

Na ukoko tulivyokuwa tunaugombea! Majani ya kunde uliyaanika, tukayala kiangazi. Sikumbuki hata siku moja kuona chakula kikitupwa nyumbani kwako.

Na mimi hapa mjini Mazimbu wanangu wanapima njaa. Asha kiganja chake kidogo, anarudia mara nne, namwachia. Sipiki tena sufuria la kujaza macho, na maharage yanayobaki ndiyo kitafunwa cha asubuhi. Mchele uliokuwa unakatika kabla ya mwisho wa mwezi, sasa unafika. Kwa mchele nimeweza, mama. Kwa mizigo yako nimeshindwa.

Inaniozea.

Huko kwako kabichi inakaa uvunguni wiki mbili, baridi inaitunza. Huku chini joto ni jingine, siku ya tatu imeshaanza kunuka, na friji sina. Majirani nimewagawia mpaka Mama Neema wa mlango wa pili akiniona na beseni anajifungia. "Jamani Mama Asha, kabichi tena? Umetugeuza sungura?" Nacheka naye. Halafu nachukua jembe, naenda kufukia zilizooza nyuma ya choo, watoto wasione. Mwezi uliopita nilifukia nusu ya mkungu. Ndizi ulizozibeba kichwani, mama. Na kila nikikwambia tumemaliza, wewe unadhani hazikutosha, unaongeza.

Juzi Zuhura kaniambia umeteleza na mzigo ukishuka kuwahi pikipiki barabarani. Goti limevimba. Na bado umemtuma akakate mkungu mwingine! Nilikaa chini palepale uani, nguo za watoto mkononi, nikashindwa hata kuzianika. Umeanguka kwa ajili ya chakula ambacho ningekifukia.

Najua utanuna. Utasema nimekuwa mtu wa mjini, vya nyumbani vinanikinaisha. Hapana. Nikifungua kiroba chako nasikia harufu ya udongo wa kwetu, na siku hiyo nikiwa nimechoka vipi, napika naimba. Lakini na mimi ni mama sasa, na leo nakusemesha kama mama anavyomsemesha mama mwenzake: mzigo kichwani basi. Ukibeba tena, nitamwambia mwenye pikipiki aurudishe hukohuko juu, na unajua nikisema nafanya.

Zinazozidi ziuze hapo kijijini, hela ya dawa ya goti itoke humo.

Chakula chako bado nakihitaji, sikufichi. Kodi ikishalipwa, kinachobaki ni cha kuhesabu kwa vidole. Ila nitumie mara moja kwa mwezi, Zuhura ndiye abebe mpaka barabarani, na viwe hivi tu:

ndizi mbichi, chane mbili, zisiwe zimeanza kuiva;
maharage makavu, sado moja;
majani ya kunde yaliyokauka, ya kujaa mfuko mdogo;
magimbi sita, ya ukubwa wa ngumi;
kabichi hapana, hata moja;
na habari ya goti, ya kweli. Kama linauma, Zuhura aandike linauma.

Kitinda mimba wako,
Mama Asha