Mkwe Hatazamwi Usoni

Jumatano. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na Ikolo yote inanuka tope na kakao mbichi.

Leo mama yangu mdogo alishindwa kumtazama mtu usoni, na kwa sababu hiyo mtu huyo anaweza kuachiwa huru.

Majina nimeyabadilisha. Mama mdogo nitamwita Tumpe. Mwaka jana aliahidiwa kazi ya hoteli Uarabuni, akavushwa mto Songwe pamoja na wasichana wanne, wakafungiwa katika nyumba moja Malawi. Pasi zao zilichukuliwa. Yeye alitoroka. Wenzake walihamishwa na hadi leo hatujui walipo. Mmoja wao ni Tusa, niliyekaa naye dawati moja mpaka kidato cha pili.

Naungama hapa: Tusa alipokuja kuniaga, nilimwonea wivu.

Aliyewapeleka ni mdogo wa baba mkwe wa mama mdogo. Kwetu Wanyakyusa huyo naye ni mkwe: mwanamke hamtazami usoni, wala hamtaji jina. Nyumba nyingi zimeshaacha, lakini ukoo ule bado. Siku alipoleta habari ya kazi, alikaa sebuleni na mama mdogo akabaki jikoni, maneno yakipitia kwa mama mkwe. Mama mdogo hakumuuliza hata swali moja.

Nadhani mtu yule alijua kwamba hataulizwa.

Mahakamani, mwendesha mashtaka, dada mpole aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, alimwomba shahidi amwonyeshe aliyempeleka Malawi. Mama mdogo alivuta khanga usoni, akageukia ukuta. Akaombwa tena. Hakugeuka.

Wakili wa utetezi akasimama. "Mheshimiwa, shahidi anamfahamu mteja wangu, au anafahamu ukuta?"

Watu walicheka. Mshtakiwa naye alitabasamu, na tabasamu lile ndilo limeniuma kuliko yote. Hakimu akaahirisha hadi kesho asubuhi.

Tulipotoka nilimfuata mwendesha mashtaka, nikamweleza mila yetu. Alinisikiliza hadi mwisho. Alisema ataieleza mahakama, lakini kumwonyesha mtu ni kazi ya shahidi mwenyewe. Hakuna awezaye kumfanyia.

Nyumbani mama mdogo hakula. Alisema hata akishinda kesi, wanawe wataitwa watoto wa mwanamke asiye na adabu.

Basi nikaenda kwa babu, baba mkwe mwenyewe. Mimi si mke wa mtu katika ukoo ule, naruhusiwa kusema naye. Alikuwa anafunika kakao kwa turubai kwenye chanja. Nilimweleza yote. Mshtakiwa ni mdogo wake, amemlea tangu wazazi wao walipofariki, kwa hiyo sikujua kama atanifukuza.

Aliniuliza jambo moja tu: huyo Tusa ni mtoto wa nani? Nilipomtaja baba yake, aliacha kamba ya turubai ikaanguka majini. Wamelima mpunga pamoja miaka mingi.

Akanifuata hadi jikoni kwa mama mdogo. Hakuingia. Alisimama nje, akaupa mlango mgongo, akasema nami kwa sauti ya kusikika ndani.

"Mjukuu, mwambie mke wa mwanangu, heshima aliyonipa mimi inatosha. Yule amtazame. Na jina amtaje."

Kisha mama mdogo akajibu, naye akisema nami, "Mwambie baba, ndaga fijo."

Babu aliondoka bila kunywa chai. Ahsante ile ya Kinyakyusa nilimfikishia njiani, ingawa najua aliisikia.

Sasa ni jioni, naandika haya kwenye simu huku mama mdogo akichambua mchele. Analijaribu lile jina. Midomo inaanza, inasita. Mara ya nne limetoka, dogo, kama la mtoto anayejifunza kusoma. Ametazama mlangoni kuona kama kuna aliyesikia.

Halafu ameniuliza jina kamili la Tusa, lile la shuleni. Anasema akisimama mle mahakamani awataje na wao, wote wanne, asikosee. Nimemwandikia kwenye karatasi ya daftari, kwa herufi kubwa, naye ameikunja na kuifunga kwenye pindo la khanga.

Sijui kama kesho atainua uso. Lakini nimemsikia akilitaja.

Na wewe Tusa, huko uliko, kuna mtu yeyote anayekuita kwa jina lako?