Raba Zako Zimenikaa Sawasawa

Kariuki ndugu yangu,

Nyeri hii yote hakuna mtu ako na bahati kama mimi. Raba zako za basketi, zile za zamani za kufunika kifundo, niko nazo miguuni sasa hivi, na zimenikaa kama zilipimwa kwangu. Wasichana wa soko wanageuza shingo. Mzee mmoja ameniuliza kama nimetoka Amerika. Nikamwambia juzi tu, bado niko na usingizi wa ndege.

Tangu majambazi wakupasue kichwa kwa chuma kule Othaya, ati kwa sababu ulikataa kuvua viatu, kibanda chetu cha mitumba nafungua peke yangu. Belo ya viatu ikikatwa kamba, wale wamama wanunuzi wananipiga viwiko vya mbavu na hakuna wa kunilinda mgongo. Hakuna wa kuniambia, "Kunja soli kwanza, Baba Shiru. Raba ya zamani ni kama mzee, sura iko, magoti yameisha." Ndiyo maana zako ulizishona soli kuzunguka kwa uzi wa gunia la kahawa. Nilikucheka sana. Kumbe ni huo uzi ungenionyesha mmoja wa waliokuua.

Alipita mbele ya kibanda amezivaa. Sikumsalimia. Nilimpiga kichwa, akanivunja jino, nikamwangusha juu ya viazi za watu na kumtwanga mpaka ngumi zikateleza kwa damu. Nikamvua raba. Mtu akamwitia mwizi, basi soko lote likaja na mawe. Tairi ikaletwa.

Kariuki, nilitaka achomeke. Mungu anajua. Lakini akaanza kuita mama yake, na mama yako aliniuliza pale mochari kama uliita mtu. Nikalala juu ya huyo mwizi kumkinga. Mawe yaliyokuwa yake nikayala mimi kwa mgongo. Polisi walimchukua akipumua, miguu mitupu.

Lala, bana. Mama yako namwangalia. Na siku ya kesi nitaingia kortini na hizi raba, nipite karibu naye polepole, aone huo uzi.

Lakini wewe sikudanganyi. Hazinitoshi. Ulikuwa na mguu mdogo kama wa mwanafunzi, na mimi kucha mbili zimeng'oka tayari. Bahati gani. Sina.

Baba Shiru