Kosa la Vipimo ni Langu, Si la Raya

Kwa ndugu yangu Bi Mize, Gando.

Assalaam alaykum. Anayekuandikia ni kaka yako, miaka sabini na nne. Nimewazika wake wawili, nimewazika mafundi wote walionifunza kazi, na daktari aliyenambia sifiki sitini nimemzika pia. Mie bado napanda ngazi. Vipi presha yako, na lile goti? Mpunga umeota? Huku Dar joto tu. Afya ninayo, raha ndo sina.

Mize, najua mwanao Raya kakwambia kafukuzwa kazi. Sababu hakukwambia, kwa kunistahi. Nakwambia mie.

Unajua tuko kiwanda kimoja cha alumini. Zamani ukuta wa kioo nikiuchora mie, kwa penseli, juu ya boksi. Dar nzima hakuna aliyenifikia, na si majivuno. Siku hizi kuna programu ya kompyuta. Unaitia kipimo cha uwazi, inachora fremu zote, inatoa orodha, mashine inakata. Anayeiendesha ni Raya. Mie nikabakishwa kupima.

Tukapata jengo la ghorofa sita, mbele yote kioo. Raya akanambia, "Mjomba, niletee kipimo kitupu. Usipunguze kitu, programu inapunguza yenyewe nafasi ya mpira wa kuzibia."

Nikamjibu, "Nimeanza kukata fremu mamako bado yuwachezea vifuu. Leo utanifunza kupima?"

Fundi hatoi kipimo kitupu, Mize. Toka milango ya mbao kule Wete tulifunzwa hivyo: ukishapima unatoa nafasi, ndipo unatamka. Nikatoa milimita kumi kila upande, nikamwandikia. Kompyuta nayo ikatoa zake. Alumini yote ikakatwa. Kuzipachika, fremu zinacheza kama jino bovu.

Bosi akapiga kelele. Nami mbele ya watu nikasema, "Si niliwambia mashine haijui kazi?" Wallahi nilidhani ni mashine. Raya akanitazama tu, akarudi kwenye kompyuta yake. Siku ile ile akapewa barua.

Ndipo nikapima tena, nikalinganisha na karatasi yangu. Nikakaa chini palepale kwenye zege.

Nikaenda kwa bosi na ile karatasi: "Kosa langu." Akacheka. "Mzee Hamadi, miaka yote hujakosea hata msumari, leo kwa mpwa wako ndo umekosea? Na karatasi hii umeiandika leo. Nenda kanywe chai." Nimerudi mara tatu. Sasa mlinzi kaambiwa asinipandishe ofisini.

Raya bado ananiletea uji asubuhi. "Mjomba, kunywa usije ukaanguka." Bora angenitukana. Sijui nifanye nini, mie ninayejua kila kitu.

Nisalimie shemeji, mwambie ule msumeno wangu asiuazime kwa watu. Msalimie mwalimu wetu wa chuo cha Kurani kama yuhai, na mama mkwe wako.

Haya yote anayajua Faki, fundi kioo, aliyeshika ncha ya pili ya futi siku ile napima. Alinambia, "Mzee, si mtoto kasema usipunguze?" Nikamwambia anyamaze. Ameshaacha kazi, karudi kwao Tumbe, anachuuza samaki kwa baiskeli. Mtafute, Mize, ampigie bosi simu. Yeye si jamaa yetu, na hajawahi kujisifu. Huenda akaaminiwa.

Kaka yako,
Hamadi, fundi.