Bunduki Isiyo na Risasi

Kitengela, Agosti 1998

Dada mpenzi Katee,

Ndoa ni tamu, dada. Kisilu wangu akiniita "mke wangu", nasahau nilichokuwa nikifanya.

Unamkumbuka Hiram, mwindaji mwenzake hapa ranchini? Siku ya harusi yetu aliwaambia wageni kwamba Kisilu anaogopa teke la bunduki, ule msukumo wa begani inapolia, ndiyo maana hujeruhi swala badala ya kuua. Nilicheka nao, lakini nikaweka moyoni.

Jana mwenye ranchi alitaka kubakisha mwindaji mmoja tu, akawaita wote wawili wapige shabaha mbele yake. Nikamnong'oneza Kisilu ampe Hiram bunduki isiyo na risasi bila kumwambia, vile wao huwapima wageni wa kazi. Mwoga hujikunja kabla haijalia.

"Tazama ujifunze, bwana harusi," Hiram akasema, akafyatua. Haikulia, lakini alifumba macho, bega likaruka, mtutu ukaelekea chini.

"Kumbe mwoga ni wewe," mwenye ranchi akasema. "Funga mizigo."

Leo amepita na sanduku lake akienda Kiserian. Nikamuuliza kwa upole, "Pole shemeji, bega bado linauma?"

Akaongeza mwendo. Nimeimba mchana kutwa.

Nduguyo mwenye furaha,
Kalunde wa Kisilu