Mama amewekwa mlangoni

Palma, Jumatano. Mawingu yametanda tangu asubuhi, mvua haijanyesha, na mimi nina kinyaa kisichotoka hata kwa kusukutua.

Leo walikuja kupima mapenzi. Sitanii. Mradi mmoja uliomba darasa langu ili wawapime watoto wa miaka minane mpaka kumi na miwili, wajue kila mmoja ameshikamana vipi na mama yake au yule anayemlea. Mwenye kazi ni dada mmoja kutoka kusini, mpole, anazungumza Kireno tu. Kwa hiyo mkalimani nikawa mimi.

Kipimo chenyewe kiko hivi. Anachora duara kubwa la chaki sakafuni, mtoto anakaa katikati, anapewa vifuniko vya chupa za soda. Kila kifuniko ni mtu wa nyumbani kwake. Kisha anaulizwa: ukiumia, ukiogopa, unamtaka nani karibu? Mtoto anavipanga. Dada anatoa utepe, ule wa mafundi cherehani, anapima kutoka kwenye magoti ya mtoto mpaka kwenye kifuniko, anaandika.

Utepe wa kupimia suruali.

Ikafika zamu ya Zuhura. Zuhura ni mtoto wa dada yangu Amina, ana miaka tisa, na tunakaa nyumba moja tangu wao walipokimbia vita Mocímboa. Alichagua kifuniko cha njano, akasema huyu mama. Bibi yake akamweka karibu, mimi akaniweka karibu, hata kuku wake akapata nafasi. Mama yake akamtoa nje ya duara, akamsogeza mpaka mlangoni.

Nilimtafsiria swali mara ya pili nikidhani hakuelewa. Hakubadilisha kitu.

"Muito bem," dada wa mradi akamsifu, akampa peremende.

Nilishinda na uchungu. Amina alimbeba mtoto huyu mgongoni njia nzima, na furushi la nguo zake mwenyewe akalitupa porini ili aweze kumbeba. Halafu anawekwa mlangoni? Na kama hiyo haikutosha, mwisho wa kazi kile kifuniko cha njano hakikuonekana. Tukainama chini ya madawati kukitafuta, na dada wa mradi akanuna kana kwamba tumemwibia pete ya ndoa.

Nilirudi nyumbani nimeamua kwamba Amina sitamwambia. Yeye ndiye aliyenidaka uani, anacheka.

"Haya, kasema kama nilivyomfundisha?"

Nikamuuliza alimfundisha nini.

"Kwamba hanitaki. We mdogo wangu hujui? Mtoto akionekana hampendi mamake, nyumba inaandikwa kwenye orodha ya msaada, mchele unapata. Pale bombani kila mtu kamfundisha wake."

Nikakumbuka nilivyowapita asubuhi pale bombani, akina mama na ndoo zao, watoto wanarudia kitu na watu wanacheka. Nilidhani ni wimbo. Kumbe mtoto anafundishwa kumkana mamake kwa ajili ya kilo za mchele, na mafunzo yanafanyika foleni ya maji, hadharani, bila aibu. Amina ananikera. Mradi unanikera zaidi, maana haukumweleza mtu yeyote kipimo ni cha nini, ukaja na utepe wake kwa watu ambao wameshaandikwa na kufutwa mara nyingi mno. Na mdomo uliouliza swali lile ni wangu. Huo nao unanitia kinyaa.

Lakini kibaya kilikuwa bado.

Zuhura tangu arudi shuleni hajamkaribia mama yake. Chakula amekula kwa bibi, nyuma ya mlango. Amina akamwita amsuke, hakwenda. Amina akacheka tena, "Yamekwisha mwanangu, acha sasa, njoo."

Zuhura akajibu akiwa ameshika nguo ya bibi: "Yule dada ameshaandika."

Ameshaandika. Watoto wetu wamekulia kwenye foleni, wanajua kwamba aliyeandikwa ameandikwa. Huyu anaamini kwamba neno lile sasa limekuwa kweli, na kwamba yeye ndiye aliyelifanya liwe kweli. Amina hakucheka tena, ila alisema ni kununa tu, atakuja mwenyewe.

Jioni nikachukua sare ya Zuhura niifue. Mfukoni nikakuta peremende haijafunguliwa, na kifuniko cha njano. Katikati ya watu wote wale, alipoambiwa inuka, alipitia mlangoni akamwokota mama yake.

Amina alikuwa anachambua mchele. Nikakiweka kwenye kiganja chake.

"Hiki cha nini?"

"Hicho ni wewe," nikamwambia. "Hakukuacha pale."

Akaweka ungo chini. Hakumwita mtoto. Alikwenda yeye nyuma ya mlango, akakaa chini pembeni yake, na kila Zuhura aliposogea mbali, Amina alisogea pia. Sasa wamefika ukutani na kusuka kumeanza. Mmoja wao analia, sijui yupi, na siendi kuangalia.

Asubuhi nakwenda kwa dada wa mradi alifute jibu lile mbele ya mtoto, alione linafutwa. Nyumba isipoandikwa, isiandikwe.

Ila kifuniko chake dada yule hapati.